Mimi, Shefu na Shimo la Mchwa

Leo nimeaibika kiasi kwamba hata barakoa haikutosha kuuficha uso. Naandika sasa hivi, saa tisa alasiri, miguu ikiwa ndani ya beseni la maji ya chumvi, ili mnisikie mimi kwanza kabla hamjasikia ya mtaani. Mtaani tayari wanasema nilifukiwa nikiwa hai. Si kweli. Nilikwama tu.

(Na sikulia. Yalikuwa machozi ya vumbi.)

Kwa wale ambao hawajui ninachofanya siku hizi: mimi nilikuwa nasoma matangazo kwenye redio ndogo hapa Kolwezi, mji wetu wa migodi. Vifo, harusi, mbuzi waliopotea. Ndiyo maana mtaona naandika saa za kila tukio; mazoea hayo hayajanitoka. Korona ilipofunga shule, watoto wa mtaa wetu walibaki wakizunguka barabarani toka asubuhi hadi jioni. Mama Kabedi, mjane anayekaa nyumba ya tatu kutoka kwangu, alinikubalia niwakusanye kwenye shamba lake la pembeni, lililokuwa limepumzishwa, penye kichuguu kirefu kuliko paa langu. Tulianza na watoto sita. Leo ni kumi na wanane. Tunapaita Uwanja.

Uwanjani hakuna darasa, hakuna kengele, hakuna mwalimu. Kila mtoto anachagua mwenyewe cha kujifunza, na mimi mtu mzima nasubiri niulizwe. Wazazi walinicheka sana. Sasa anayecheka ni mama mkwe wangu tu. Kuna msichana amejifunza nusu na robo kwa kugawa karanga, na nyumbani kwao hakuna tena anayethubutu kumpunja. Kuna wawili wanaandika kitabu cha majina ya ndege wa hapa kwa Kiswahili, Kifaransa na Kilunda. Wakikosa jina wanamfuata bibi yao, wanasimama mbali na mlango na kumpigia kelele. Ninawapenda watoto hawa. Kila asubuhi naamka kabla ya jogoo kwa hamu ya kuona watafanya nini.

Lakini msidhani ni vurugu. Kila mtoto ana duara lake la chokaa ardhini, mbali na mwenzake. Kila asubuhi tunakuwa na kikao. Mahali pengine wanapokezana fimbo ya kusema, lakini kupokezana fimbo ni kupokezana korona, kwa hiyo kila mtoto analeta kijiko chake toka nyumbani. Unataka kusema, unainua kijiko. Mwenyekiti anabadilika kila wiki. Wiki hii ni Merveille, ana miaka kumi, na akikutazama unakumbuka dhambi zako zote kwa mpangilio.

Mtu mzima naye ana kijiko kimoja na kura moja. Hilo nililitangaza mimi siku ya kwanza, kwa fahari kubwa. Nilidhani nimesema jambo zuri.

Sasa shimo. Wiki tatu zilizopita Djo, wa miaka minane, aliinua kijiko na kuuliza: "Mchwa wanakunywa maji wapi?" Ni kiangazi, tone la mvua hatujaliona muda mrefu, lakini ukivunja kichuguu, ndani udongo una unyevu. Nilisema sijui. (Kwetu ni jibu halali.) Djo akapata wenzake wawili wakaanza kuchimba kando ya kichuguu, wawafuate mchwa chini waone wanakwenda wapi. Sehemu ile udongo ulikuwa laini ajabu, wakashuka haraka. Shimo likawa na upana wa pipa na kina cha kifua changu. Hapo nikaweka mpaka: chini ya kifua changu, hapana. Kikao kikapitisha, na mimi nikaandika kwenye ubao kwa mwandiko wangu mzuri, nikapiga mstari chini yake:

KANUNI YA NNE. Hakuna anayeingia shimoni bila kuandika jina lake na swali lake, na bila mwenzake kusimama juu. Anayevunja anakaa nyumbani siku tatu.

Kumbukeni nani aliandika.

Jana jioni nikapata ujumbe wa simu kutoka kwa shefu, yaani mkuu wa mtaa wetu. Ni mtu mzima, mpole, wa maneno machache, hatembei bila daftari lake la jalada gumu. Aliandika hivi: "Tata Ngoy, nimesikia munachimba kwa shamba ya Mama Kabedi. Kesho saa ine niko hapo. Kama ni karieri, naondoa kila mutu."

Wale wasio wa hapa, niwaeleze (Tata ni baba au bwana, na Ngoy ndiye mimi). Kwetu hakuna shimo lisilo na maana. Mtu akichimba choo, majirani wanakuja kuangalia rangi ya udongo. Akionekana na shimo na gunia, saa moja baadaye wamefika watu kumi na sepetu, na kesho yake ni karieri, yaani machimbo. Kuna mitaa ambako watu walichimba hadi chini ya kitanda cha mama mkwe, kisha wakaja wenye karatasi na mihuri, na mtaa mzima ukahamishwa. Kwa hiyo shefu hakukosea kuogopa. Akiandika neno hilo moja kwenye daftari lake, Uwanja umekwisha, na Mama Kabedi amepoteza shamba.

Usiku sikulala vizuri. Asubuhi nikavaa shati la Jumapili.

Saa mbili, kikao. Nikainua kijiko mara tu Merveille alipofungua mdomo.

"Jamani, naomba tufukie shimo. Leo tu. Shefu akishaondoka tutachimba tena."

Djo akainua kijiko.

"Tata, maji ya mchwa tumepata?"

"Bado."

"Basi tunafukia juu ya nini?"

"Kwa sababu shefu ataona shimo atadhani ni karieri."

Merveille akaniuliza kwa upole wa daktari: "Na sisi tunafanya karieri?"

"Hapana."

"Basi tumwambie hapana."

Wakapiga kura. Vijiko kumi na vinane dhidi ya kimoja. (Changu ni kile chenye mpini uliopinda.) Badala ya kufukia, wakaamua kuweka kibao kando ya shimo: HAPA TUNATAFUTA MAJI YA MCHWA. Na wakanichagua mimi nimweleze shefu, kwa sababu nina sauti ya redio. Nilijisikia vizuri kidogo. Nikaenda pembeni kujizoeza hotuba. Ilikuwa na sehemu tatu na ilianza na neno "Mheshimiwa".

Saa tatu na dakika kumi, Djo akaja kunitafuta kutoka shimoni, mikono yote miwili imebeba kitu.

"Tata Ngoy, hii jiwe iko nzito kupita kipande ya tofali. Nimepima. Juu ya nini?"

Lilikuwa jiwe jeusi. Jeusi kabisa, linang'aa upande mmoja, dogo kuliko ngumi yangu na zito kama mtoto mchanga.

Mtu yeyote wa Kolwezi aliye na meno yake yote anajua jiwe jeusi zito ni nini: ni kobalti, na kobalti ni pesa. Hatukufundishwa shuleni. Tumezaliwa tunajua, kama mtoto wa bata na maji. Kwa utaratibu wa Uwanja nilipaswa kusema, "Wewe unafikiri nini?" Nikasema hivyo hivyo, lakini sauti ilitoka nyembamba.

"Nafikiri kuna kitu ndani," Djo akasema. "Naenda kuandika swali."

Akaenda akaandika kwenye ubao wa maswali, herufi kubwa: JUU YA NINI JIWE NYEUSI IKO NZITO? Ubao huo unatazama barabara. Barabara hiyo, kila baada ya dakika mbili inapita pikipiki iliyobeba wachimbaji wanaojua kusoma.

Nilisimama mbele ya ubao. Nikanyoosha mikono kama mtu anayefanya mazoezi ya asubuhi. Msichana wa karanga aliniuliza kama naumwa mgongo. Nikasema ndiyo.

Sasa niwaambie ukweli, maana ninyi ni rafiki zangu na hata hivyo mtausikia. Wazo la kwanza lilikuwa jema: lazima nijue kama kuna mawe mengine kule chini, ili shefu asiyaone. Wazo la pili lilifuata nyuma yake kama mbwa. Lilisema: Ngoy, vipi kama yapo mengi? Nikaona bati jipya. Nikaona pikipiki nyekundu. Nikaona mke wangu ananiita "chéri", yaani mpenzi, mbele ya dada zake. Kwa muda wa dakika nne nilikuwa tajiri, nimesimama kwenye jua, nimefunika ubao kwa mgongo.

Saa tatu na nusu watoto wote walikuwa upande wa pili, wanamtazama ndege asiye na jina. Nikatembea taratibu hadi kando ya shimo. Nikatazama kushoto. Nikatazama kulia. Sikuandika jina. Sikuandika swali. Nikashuka.

Kusimama ndani ya shimo lile hakuna tabu. Tabu ni kuinama. Chini kabisa, karibu na kiatu changu, kulikuwa na jiwe jingine jeusi limechungulia ukutani. Nikapinda magoti. Nikashuka kidogo, nikashuka tena, nikalifikia, nikalivuta, likatoka.

Mimi sikutoka.

Magoti yalikuwa yamegusa ukuta wa mbele, mgongo umegusa wa nyuma, na katikati kulikuwa na tumbo. Miezi ya kukaa nyumbani na korona nimekula bukari, ugali wetu, asubuhi, mchana na jioni, na leo bukari yote ilijibu kwa pamoja. Nilijaribu kusimama. Hapana. Nilijaribu kugeuka. Hapana. Kichwa changu kilikuwa chini ya ardhi kidogo tu, kiasi cha kiganja. Niliweza kuona mbingu ya duara. Ilikuwa nzuri sana.

Kisha mchwa askari wakaingia kwenye suruali.

Sitaeleza zaidi. Familia zinasoma.

Saa tatu na dakika arobaini nikasikia pikipiki inasimama. Nikasema moyoni: si yeye, amesema saa nne. Katika maisha yangu yote sijawahi kuona kiongozi wa ngazi yoyote akifika kabla ya saa. Leo nimemwona. Yaani nimemsikia.

"Jambo yenu, batoto."

"Jambo, tata shefu," vikajibu vijiko kumi na vinane. Halafu sauti ya Merveille: "Nawa mikono kwanza. Kibuyu iko pale. Sabuni iko ku kamba. Hapana kusimama hapo, tata, hiyo ni duara ya mutu. Ya wageni iko hii."

Nikasikia maji. Nikasikia pia sauti ya Mama Kabedi; shefu alikuwa amempitia nyumbani akamleta. Alikuwa anapumua juu juu.

"Mukubwa wenu eko wapi?" shefu akauliza.

"Mukubwa hatuna. Tuko na kikao."

"Na Tata Ngoy?"

"Alikuwa hapa anafanya mazoezi," akasema msichana wa karanga. "Anaumwa mugongo."

Nyayo zikakaribia. Nikazuia pumzi. (Mchwa hawakuzuia chochote.) Nikasikia shefu anasoma kibao polepole, neno kwa neno, kama mtu anayekagua kitambulisho: "Hapa... tunatafuta... maji... ya mchwa."

Kisha mbingu yangu ya duara ikawa na uso wa shefu ndani yake, na kofia.

Akasukuma kofia nyuma.

"Na hii mchwa," akauliza, "imepata maji?"

Nikasema, "Jambo, Mheshimiwa." Ndiyo hotuba yangu ilivyoanzia, na ndipo ilipoishia.

"Jambo, Tata Ngoy. Unafanya nini mu shimo?"

"Naangalia usalama wa watoto."

"Batoto beko huku juu."

"Ndiyo. Wako salama."

"Na ku mukono, umekamata nini?"

Mkono wangu wa kulia ulikuwa umekwama kwenye kifua, na ndani yake lilikuwa lile jiwe. Sikuweza kulificha. Sikuwa na mahali. Uso wa shefu ukabadilika, upole wote ukaondoka kama taa imezimwa. Akatoa daftari.

"Nilijua," akasema. "Mama Kabedi, unaona? Ni karieri. Mi siko na namna ingine. Naandika, na kesho kila mutu anatoka hapa."

Mama Kabedi hakupiga kelele. Alisema kwa sauti ya chini, na hiyo ndiyo iliyoniuma kuliko mchwa: "Tata shefu, mi balishaniondoa kwa hii shamba mara moja. Ya pili sitaiweza."

Wakubwa wanajua alichokuwa anasema. Wadogo niwaambie kwa kifupi: kampuni kubwa ya migodi ilipokuwa inaanguka, watu wa asili ya mkoa wa Kasai walifukuzwa mjini hapa, hata waliozaliwa hapa. Mimi nilikuwa na miaka saba. Nakumbuka majirani zetu wakibeba vitanda kwenda kituo cha reli, na nakumbuka kwamba nyumbani kwetu chakula cha jioni kililiwa kimya. Mama Kabedi alikuwa mmoja wa wale wenye vitanda. Alirudi baada ya miaka mingi. Na leo mimi, kwa ajili ya pikipiki nyekundu isiyokuwepo, nilikuwa nimekaa chini ya miguu yake namfukuzisha tena.

Nilitaka kusema hayo yote. Lakini kijiko cha mwenyekiti kilinitangulia.

"Tata shefu, ngoja kuandika," Merveille akasema. "Kuko utaratibu."

Akaenda kwenye ubao. Akarudi.

"Jina ya Tata Ngoy haiko. Swali yake haiko. Nani alisimama juu?" Hakuna kijiko. "Basi ni kikao."

Sijui aliongea kwa sauti gani, lakini nikasikia watoto wote wanakwenda kwenye maduara yao, na nikasikia shefu wa mtaa mzima naye akirudi kwenye duara la wageni. Alipotaka kusema aliambiwa hana kijiko. Akauliza kama kalamu inafaa. Wakashauriana. Inafaa.

Nilihukumiwa nikiwa shimoni. Mwenyekiti alisimama pembeni, akaniuliza kutoka juu.

"Tata Ngoy, uliandika jina?"

"Hapana."

"Ulikuwa na mwenzako?"

"Hapana."

"Uliingia juu ya swali gani?"

Nikasema, "Maji ya mchwa." Nilisema haraka mno.

Djo akapewa nafasi. "Maji ya mchwa tunaandika mu kaye kila mara. Tata, kaye yako iko wapi?"

"Daftari nimelisahau."

"Na kalamu?"

"Pia."

"Ulikuja na nini?"

Nikatazama mkono wangu. Kila mtu juu alijua jibu. Nimesoma matangazo ya vifo mia ngapi sijui bila sauti kutetemeka, lakini leo ilitetemeka.

"Nilitaka kuona kama kuna mawe mengine."

"Ya kufanya nini?"

Pikipiki ikapita barabarani.

"Ya kuuza," nikasema.

Hakuna aliyecheka. Ningependa wangecheka. Merveille akasema tu, pole pole, kama anasoma: "Tata, ni wewe ulisema hapa haiko karieri."

Kisha wakapiga kura. Kanuni ya nne, siku tatu nyumbani. Sikuona vijiko, lakini nilisikia mwenyekiti akihesabu hadi kumi na nane bila kusita, halafu akasema, "Tata shefu, shusha kalamu. Wageni hawachagui."

Hapo Mama Kabedi akasema kitu. Hakuomba nafasi, na hakuna aliyemzuia. "Nipatie hiyo jiwe niione."

Djo akalala kwa tumbo, akanyoosha mkono, akalipokea kwangu. Mama Kabedi aliligeuza ukingoni, juu ya kichwa changu. Aliligonga kwa jiwe jingine, likapasuka kama chupa, na ndani lilikuwa na matundu madogo madogo kama mkate.

"Hii haiko kitu," akasema. "Ni takataka ya tanuru ya kuyeyusha shaba. Zilikuwa zinamwagwa kule ku reli. Wakati ule wa kufukuzwa, mbele ya kwenda ku kituo, bwana yangu alizileta na kigari. Siku mbili. Alijaza kisima yetu, mutoto wa mutu asiangukie mule nyuma yetu." Akavitupa vipande chini. "Niliporudi kichuguu kilikuwa kimekua, nikapoteza alama. Nilikuwa natafuta huku, kumbe iko hapa."

Nikafikiri kwa sekunde chache. Kwa hiyo sikuwa nimekwama kwenye utajiri. Nilikuwa nimekwama kwenye kisima cha watu, nimekumbatia takataka.

Kijiko cha Djo kiliinuka, sikukiona lakini nilisikia sauti yake imepanda: "Kama ni kisima, basi kuko maji! Mutoeni Tata, tuone!"

Angalieni: hakusema mutoeni Tata anateseka. Alisema tuone.

Kunitoa kulichukua dakika ishirini, kwa sababu ya umbali wa korona. Walinipitishia kamba ya ndoo chini ya kwapa. Wakajipanga kwenye kamba, kila mmoja mbali na mwenzake, shefu mwisho, kofia ameiweka juu ya daftari chini. Merveille akahesabu. Mara ya kwanza nilitoka kwenye barakoa tu. Mara ya pili shati la Jumapili lilitangulia. Mara ya tatu nilitoka kama mhogo, bila kiatu kimoja.

Nilikuwa nimelala chini, mchwa wananitembelea, na sikupata hata mtu mmoja wa kuniuliza hali. Wote walikuwa ukingoni mwa shimo. Lakini sikilizeni utaratibu: Djo alikwenda kwanza ubaoni akaandika jina lake. Akaandika swali: KIATU YA TATA IMELOWA? Msichana wa karanga akasimama juu. Ndipo akashuka.

Akaibuka ameinua kiatu changu kwa mikono miwili, kama padri anavyoinua kikombe.

"Imelowa!"

Ilikuwa kweli. Nilipokuwa nakanyaga na kujivuta nilikuwa nimesukuma mawe pembeni, na chini yake palikuwa na tope la baridi, na kwenye tope mchwa, mstari mrefu, kila mmoja na tonge lake la udongo mbichi mdomoni, wanapanda ukutani kuelekea kichuguu. Watoto waliruka. Walipiga vijiko. Wale wa kitabu cha ndege walimwacha ndege. Djo alikuwa anaandika kwenye daftari lake huku machozi yanamtoka na hajui. Mama Kabedi alikaa chini kwenye ukingo, akasema, "Kumbe banakunywa kwangu. Miaka yote hii banakunywa kwangu," na akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika kichwa.

Shefu naye alipiga magoti, suruali nzima vumbi. Kisha akachukua daftari, akafungua, akainua kalamu. Merveille akampa nafasi.

"Mi nilikuya hapa kuandika karieri," akasema. "Sasa naandika nini?"

Merveille hakuitisha kura. Alisema: "Andika kisima ya Mama Kabedi."

Akaandika. Nilimwona akiandika, herufi kubwa, akapiga muhuri aliokuwa nao mfukoni. Akasema shamba libaki kama lilivyo, shimo lizungushiwe miti, na mtu asichimbe zaidi ya pale. Halafu akainua kalamu tena, safari hii akitazama chini.

"Nyumbani niko na binti. Tangu masomo ifungwe anakaa tu. Duara moja inaweza kuongezeka?"

Inaweza. Anaanza kesho.

Nilidhani furaha ile itafuta hukumu. Nikajikongoja mbele, kiatu kimoja mguuni, nikainua kijiko changu chenye mpini uliopinda, nikasema kwa unyenyekevu kwamba Uwanja hauwezi kufunguliwa bila mtu mzima, kwa hiyo kesho nani atakuwepo?

"Mama Kabedi amekubali," akasema Merveille. "Tata, ni wewe uliandika siku tatu. Mustari iko chini yake."

Shefu alinirudisha nyumbani kwa pikipiki. Alipofika mlangoni kwangu alizima injini, akanitazama kutoka juu hadi kwenye mguu usio na kiatu, ambacho kwa sasa kimebaki Uwanjani kwa uchunguzi.

"Tata Ngoy," akasema, "mu ofisi yangu tuko bakubwa saba. Hakuna hata mumoja balishamufukuza siku tatu juu ya kanuni yake mwenyewe." Akawasha injini akaenda. Bado sijui kama alikuwa ananisifu.

Basi ndiyo hivyo. Shamba limebaki, kisima kimepatikana, mchwa wamejulikana. Aliyeondolewa ni mimi peke yangu, na nimekubali. Naomba tu jambo moja: atakayemwona mama mkwe wangu kabla yangu, amwambie niko likizo.